MAONI: Patroni za mama zetu si karatasi za kufungia karanga

Mwezi uliopita, karibu na Nyawera hapa Bukavu, nilinunua karanga za faranga 500 kwa binti mmoja anayeuza kando ya njia. Akazimimina ndani ya karatasi iliyokunjwa kama pembe, nami nikaanza kula huku nikitembea. Karanga zilipoisha nikaikunjua ile karatasi ili niitupe, na hapo nikasimama. Ilikuwa na mistari: mmoja mzima, mwingine wa vidoti, mshale mrefu katikati, na neno la Kifaransa « manche ». Ilikuwa nusu ya mkono wa kanzu ya mwanamke. Mtu aliitunza patroni hiyo nyumbani kwake miaka mingi, kisha mtu mwingine akaiuza kwa kilo pamoja na magazeti ya zamani.

Nikarudi kwa yule binti.

— Binti yangu, karatasi hizi mnazitoa wapi?

— Tunazinunua kwa kilo kule Kadutu, mama. Kwani ziko na nini?

Sikujua nimjibu nini. Nilinunua karatasi zote zilizofanana na ile. Nyumbani nilihesabu vipande 4, vya nguo 3 tofauti. Hakuna nguo hata moja iliyokamilika.

Wengine watasema: mji una shida kubwa kuliko hiyo. Ni kweli. Tangu mabenki yalipofunga milango Goma katika Januari 2025, na hapa kwetu Bukavu katika Februari, makuta yamekuwa haba, na mama wengi wanaolisha nyumba zao kwa kazi ya mikono wanahesabu kila faranga. Lakini ndiyo sababu ninaandika. Kushona ni moja ya kazi chache ambazo mwanamke anaweza kuanza akiwa na mashini moja, meza moja na mlango unaoangalia njia. Na siri ya kazi hiyo haiko ndani ya mashini. Iko ndani ya zile karatasi tunazofungia karanga.

Patroni ni nini?

Nilipomwambia kijana mmoja wa jirani kwamba ninatafuta patroni, aliniuliza: « Patroni wa kampuni gani, mama? » Nilicheka, lakini nilielewa. Kwetu neno hilo sasa ni mkubwa wa kazi, yule anayelipa au asiyelipa mshahara. Kwa fundi wa nguo, patroni ni karatasi iliyokatwa kwa umbo la kila sehemu ya nguo: mbele, mgongo, mkono, kola. Unaiweka juu ya kitambaa, unaizungushia chaki, unakata, unashona. Ukiitunza vizuri, utashona nguo ileile mara mia.

Patroni ni kitu cha zamani. Mafundi walikuwa nazo tangu kale, lakini kila fundi alificha zake. Mwaka 1863, fundi mmoja wa Marekani aitwaye Ebenezer Butterick, wa mji mdogo wa Sterling katika Massachusetts, pamoja na mke wake Ellen, walianza kuuza patroni za karatasi zenye vipimo mbalimbali, ili mama wa nyumbani akate nguo ya mtoto wake bila kumwomba fundi siri yake. Katika Ulaya, magazeti ya wanawake nayo yalitoa patroni. Huko Ubelgiji lilikuwako Femmes d'Aujourd'hui, lililoanza mwaka 1933. Huko Ujerumani, Aenne Burda alianza gazeti lake katika mji wa Offenburg mwaka 1950, nalo likawa na karatasi kubwa zilizojaa mistari iliyopitana kama njia za siafu.

Karatasi hizo zilifika hata kwetu. Wakati wa Wabelgiji, masista na wake za wakubwa walifundisha wasichana wa Congo kushona katika shule za kazi za nyumbani na katika nyumba zilizoitwa « foyer social ». Walileta magazeti yao. Wanafunzi wao walichora patroni upya juu ya karatasi za mifuko ya sementi, wakaandika vipimo vya watu wa hapa.

Mama mukubwa, dada ya mama yangu mzazi, alikuwa mmoja wao.

Kasha la mama mukubwa

Alifariki akiacha mashini nyeusi ya kukanyaga kwa mguu, makasi mazito, na kasha la bati. Katika kugawana vitu, kila mtu aliitaka mashini. Kasha nililichukua mimi kwa sababu hakuna aliyelitaka. Ndani mlikuwa na patroni 31, zimefungwa kwa vipande vya kitambaa, kila moja na jina la mteja wake. Nyingi ni za miaka ya 1970.

Wazee wanaikumbuka miaka hiyo. Mobutu alikuwa ameleta siasa ya « authenticité ». Wanaume waliachishwa koti la Kizungu na tai, wakavaa abacost, jina lililotoka katika maneno ya Kifaransa ya kusema « chini koti ». Wanawake walikatazwa suruali, sketi fupi na nywele za bandia. Nguo ya mwanamke mwenye heshima ikawa vikwembe vitatu: kimoja kinashonwa libaya, yaani blauzi, cha pili kinafungwa kiunoni, cha tatu kinafungwa juu yake. Amri hiyo ya mavazi ilidumu mpaka hotuba ya 24 Aprili 1990, Mobutu alipofungua mlango wa vyama vingi na kuwarudishia wanaume tai zao.

Basi kwa karibu miaka 20 mama mukubwa alikata libaya. Kila mke wa mfanyakazi wa serikali alitaka libaya isiyofanana na ya jirani, na kwa kuwa sheria ilikuwa imekwisha kuamua nguo, uhuru wote ulibaki katika mkono, kola na kiuno. Katika kasha kuna mikono ya kufura kama puto, mikono yenye ngazi tatu, kola ya mraba, kola ya shingo ndefu. Mama mukubwa hakumaliza sekondari, lakini karatasi zake zina hesabu ambayo mimi, mwenye diploma, ilinichukua majuma mawili kuielewa.

Kikwembe kilichopotea

Mwaka jana niliamua kujishonea libaya kutoka patroni moja iliyoandikwa « 1974 ». Ninaeleza hapa nilivyofanya, pamoja na makosa yangu, ili anayetaka kujaribu asipoteze kitambaa kama mimi.

Nilinunua vikwembe 3, yaani yadi 6, ambazo ni kama metre 5 na nusu, kwa dola 12. Haikuwa ile ya Uholanzi ya Vlisco, ambayo kiwanda chake kiko katika mji wa Helmond tangu 1846 na ambayo mama zetu waliweka akiba kama dhahabu. Ilikuwa ya kuiga. Niliweka patroni juu ya kikwembe kimoja, nikakata palepale kwenye ukingo wa karatasi, nikashona. Libaya haikuingia. Kifua hakikufunga, mkono ulinibana kama kamba.

Nilikuwa nimefanya makosa mawili. La kwanza: patroni nyingi za zamani hazina nafasi ya mshono. Karatasi inaishia pale sindano itakapopita, si pale makasi yatakapopita. Ni wewe unayeongeza sentimetre 1 na nusu pande zote, na sentimetre 3 au 4 chini kwa pindo. La pili: patroni ile ilikuwa ya mteja mwenye kifua cha sentimetre 88. Mimi nina 100.

Fundi mmoja mzee wa Kadutu, baba niliyempelekea aibu yangu ndani ya mfuko wa plastiki, alicheka, kisha akanipa kiti.

— Mama, karatasi hii ni nzuri kuliko zote nilizoona mwaka huu. Kosa ni kwamba umetaka mwili wako uifuate. Ni yenyewe inapaswa kukufuata wewe.

Akanionyesha hesabu. Kati ya 88 na 100 kuna tofauti ya 12. Kipande cha mbele kinakatwa juu ya kitambaa kilichokunjwa, na cha mgongo vilevile, kwa hiyo kuna kando 4 za ubavuni. Kumi na mbili gawanya kwa 4 ni 3: unaongeza sentimetre 3 kila upande. Mkono nao unapaswa kuongezwa kwa kadiri shimo la kwapa lilivyopanuka, la sivyo hautakaa. Kwa urefu wa mgongo, kutoka mfupa wa shingo mpaka kiunoni, patroni ilikuwa na 38 na mimi nina 41. Hapo huongezi chini, maana kiuno cha nguo kitakuwa mahali pasipo pake. Unakata karatasi kwa upana, kati ya kwapa na kiuno, unatenganisha vipande kwa sentimetre 3, unabandika karatasi nyingine katikati. Mbele unafanya vilevile, ili mishono ya ubavuni ilingane.

Pensi, ile mikunjo midogo inayobana nguo chini ya kifua na kiunoni, nayo inahama. Ncha yake inapaswa kuelekea mahali kifua chako kilipo, si pale kilipokuwa kifua cha mteja wa mwaka 1974. Na ule mshale mrefu wa katikati si pambo. Unaonyesha upande ambao uzi wa kitambaa unatembea, sambamba na ukingo wenye maandishi. Ukikata kwa kukingama, libaya itapinda baada ya kufuliwa mara mbili, na utasema kitambaa ni kibaya.

Jambo la mwisho alilonifundisha ndilo lingeniokoa tangu mwanzo. Usikate kamwe patroni ya zamani yenyewe. Ichore juu ya karatasi nyingine, gazeti au mfuko wa sementi uliopanguswa, na marekebisho yote uyafanye kwenye nakala hiyo. Kisha shona kwanza kwa shuka lililochakaa. Livae, kaa, inua mikono, inama kama mtu anayefagia. Panapobana, weka alama. Hapo tu ndipo unagusa kikwembe.

Libaya yangu ya pili nilikwenda nayo kanisani. Mama mmoja mzee alinishika mkono na kuutazama ule ufuro wa begani. Akasema: « Huu ni mkono wa nani vile? » Alilitaja jina la mama mukubwa kabla sijajibu.

Mashini bila makasi

Ningeishia hapo kama ingekuwa habari ya nguo yangu tu. Lakini tangu siku hiyo nimeanza kutazama atelye za mtaa wetu kwa jicho lingine, na nilichoona kimenihuzunisha.

Katika majimbo yetu ya mashariki, kila mahali penye wakimbizi wa ndani, wasichana waliozaa mapema au mama waliopoteza waume, mradi wa kwanza unaoletwa ni ushonaji. Ni wazo zuri. Picha inapigwa, mashini zinagawiwa, vyeti vinatolewa. Nimezungumza na wasichana 3 waliopita katika kituo kimoja cha namna hiyo, ambacho sitakitaja jina. Walisoma miezi 6. Wanashona mstari ulionyooka kuliko wangu, wanaweka zipu bila kasoro. Nikawapa kikwembe na kuwaomba wanikatie kanzu. Wakatazamana.

— Mama, tupe mfano.

Walikuwa wanataka nguo iliyoshonwa tayari, waifumue mishono na kuiga vipande. Hawakufundishwa kukata. Mwalimu alikuwa akikata, wao wanashona. Mradi ulipokwisha, mwalimu aliondoka na patroni zake. Mmoja kati yao amekwisha kuuza mashini ili alipe deni. Wawili wanashonea fundi mwingine, yeye anakata na kupokea wateja, wao wanalipwa kwa kipande. Bila patroni ya karatasi, wamejikuta chini ya patroni wa kazi.

Tofauti hiyo inapimwa kwa makuta. Chukua mwezi wa Septemba, wakati wa kurudi shuleni. Kila mzazi anatafuta shati nyeupe na sketi au suruali ya bluu. Mwenye patroni ya msingi yenye vipimo vya miaka 6, 8, 10 na 12 anakunja kitambaa mara nne, anakata nguo nne kwa pamoja, na jioni ana kazi ya juma zima mezani. Asiye nayo anapima mtoto mmoja, anakata moja, anapima mwingine. Mteja wa tano anachoka kungoja na kwenda kununua iliyotoka ng'ambo. Chukua pia tarehe 8 Machi, ambapo vikundi vya akina mama huvaa kitambaa kimoja. Kikundi cha watu 40 hakimpi kazi mtu anayekata kwa kubahatisha. Kinampa mwenye karatasi.

Majibu kwa wanaopinga

Ninajua watakaonipinga, maana wengine wamo nyumbani mwangu.

Binti yangu anasema: « Mama, friperi inauza kanzu nzuri kwa bei ya soda mbili. Nani ana muda wa kushona? » Ana haki kuhusu bei. Siwezi kushindana na nguo iliyotupwa Ulaya na kufika hapa ndani ya furushi. Mimi mwenyewe nimo ndani ya friperi kila mwezi. Lakini nguo hiyo ilikatwa kwa mwili wa mtu mwingine, nasi tunaipeleka kwa fundi aipunguze hapa, aifungue pale. Na fundi asiyejua kusoma patroni anaipunguza mahali pabaya. Hata friperi inahitaji mtu anayejua nguo ilikatwa vipi.

Mafundi wanasema: « Sisi tunakata moja kwa moja juu ya kitambaa, karatasi ni ya wanaoanza. » Ninawaheshimu. Nimeona fundi akipiga mistari 5 ya chaki, akakata libaya bila kupumua. Lakini ujuzi huo umo kichwani mwake. Akiugua, akikimbia vita, akifa, unaondoka naye. Katika miaka 30 hii mashariki yetu imezika na kupoteza mafundi wangapi? Karatasi inaweza kuwekwa chini ya godoro, ikabebwa mgongoni pamoja na mtoto.

Wapo pia wanaosema kwa ukali zaidi: « Hizo ni nguo za amri. Masista walifundisha mama zetu kushona ili wawe watumishi wazuri wa nyumbani, na Mobutu aliwafunga ndani ya vikwembe kwa sheria. Mbona unatuomba tutunze kumbukumbu hiyo? » Hili ndilo swali gumu, na sitalikwepa. Ni kweli kwamba mama mukubwa hakuchagua shule ile. Ni kweli kwamba wanawake walidhihakiwa njiani kwa kuvaa suruali. Lakini nikitazama kasha lake sioni amri. Naona mwanamke aliyepewa kipande kimoja cha kitambaa na kanuni nyingi, akatafuta ndani yake njia 31 tofauti. Akalipia watoto 6 minervali kwa kazi hiyo. Kutupa patroni zake hakuwaadhibu walioamuru. Kunamfuta yeye. Isitoshe, leo hakuna anayekulazimisha. Unaweza kuchukua mkono ule wa puto ukauweka juu ya shati la kuvaa na suruali. Binti yangu yuleyule wa friperi amefanya hivyo, na sasa wenzake wawili wa chuo wananiomba karatasi.

Na wengine watasema viwanda vyetu vimekwisha, kitambaa chenyewe kinatoka Asia, kwa hiyo tunajidanganya. Ni kweli, wazee wa Kalemie wanaikumbuka Filtisaf, na Kinshasa inakumbuka vikwembe vya Utexafrica. Kujenga upya kiwanda cha kufuma si jambo la mama mmoja na makasi. Lakini katika bei ya kanzu, kitambaa ni sehemu moja, mkono unaokata ni sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza imetutoka. Kwa nini tuiache na ya pili iondoke kwa hiari yetu, kwa kilo, kando ya njia?

Tufanye nini?

Ninapendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mabilioni.

La kwanza ni kwa wanaoleta miradi ya ushonaji. Pamoja na mashini, mpeni kila mwanafunzi metre, rula, makasi ya karatasi na patroni za msingi zisizopungua tatu: libaya, kanzu, na nguo ya shule. Katika miezi 6, miwili ya kwanza iwe ya kupima, kuchora na kukata. Na siku ya cheti, mtihani usiwe kushona alichokata mwalimu. Apewe mtu asiyemjua, ampime, amkatie, amshonee. Asiyeweza hilo hajamaliza, hata kama picha imekwisha kupigwa.

La pili ni kwa shule zetu zenye kitengo cha « coupe et couture ». Kila moja iko karibu na mama wazee waliokata nguo miaka 30 au 40. Waiteni. Wanafunzi wachore nakala za patroni zao, waandike jina la mwenyewe, mwaka, vipimo, na ni kitambaa kiasi gani kinahitajika. Kwa simu ya kawaida tu, karatasi inaweza kupigwa picha ikiwa imelazwa kando ya rula, ili anayeipokea Uvira, Butembo au Kindu ajue ukubwa wake wa kweli. Kwa mwaka mmoja shule moja inaweza kuwa na patroni kuliko atelye yoyote ya mji.

La tatu ni kwetu sisi, ndani ya nyumba. Kabla ya kuuza karatasi za zamani kwa kilo, zikunjueni. Mkiona mistari, vidoti, mshale au neno kama « dos », « devant » au « manche », simameni. Ziwekeni mahali pakavu, mbali na panya. Ikiwa hakuna anayeshona nyumbani, mpeni jirani anayeshona. Na kama mama au bibi aliyezichora angali hai, kaeni naye alasiri moja tu, mmuulize ile alama ndogo kwenye kona ina maana gani. Mimi nilichelewa. Katika patroni 31 za mama mukubwa kuna 4 zenye alama ya msalaba mdogo karibu na shingo, na hakuna mtu tena wa kuniambia kwa nini aliiweka.

Yule binti wa Nyawera tumekuwa marafiki. Siku hizi ananiwekea kando karatasi zote zenye mistari, nami ninamletea magazeti badala yake, kilo kwa kilo. Juzi aliniuliza kama ninaweza kumfundisha. Nilimwambia aje Jumamosi na karatasi ya mfuko wa sementi, na kwamba mashini hatutaigusa kwanza.